Asilimia 90 ya Nini? Namna ya Kuhakiki Utabiri wa Hali ya Hewa wa Kiwanja cha Ndege

Hotuba kwa wapimaji na watabiri wa hali ya hewa, waongoza ndege na marubani, Dodoma

Mbukwenyi!

Ndugu mwenyekiti, ndugu wapimaji na watabiri, waongoza ndege, marubani, maofisa wa mipango ya safari, na nyinyi vijana wa chuo mliojificha nyuma kule: sogeeni, viti vya mbele havina mwenyewe.

Leo tunazungumzia uhakiki, yaani kuuchukua utabiri tuliokwisha kuutuma, kuuweka kando ya hali iliyotokea kweli, na kuona vimeachana wapi. Naanza na swali ambalo rubani yeyote humu ana haki ya kumuuliza mtabiri. Ukiambiwa kwamba utabiri wa kiwanja hiki ni sahihi kwa asilimia 90, uliza: asilimia 90 ya nini?

Uliza, kwa sababu hapa Dodoma kupata asilimia 90 si kazi. Mvua yetu ya mwaka mzima ni wastani wa milimita 570 hivi, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Mei hadi Novemba mbingu ni kavu, upepo unatoka mashariki au kusini-mashariki, na jicho linaona mbali hadi lichoke. Mtabiri akinakili TAF ya jana (TAF ni utabiri rasmi wa kiwanja cha ndege), akabadilisha tarehe na kuituma, anaweza kuwa sahihi wiki nzima. Hata kasuku angeiweza kazi hiyo. Saa zinazomtia rubani jasho ni chache mno, nazo zimejibana kwenye alasiri za masika yetu na kwenye siku za upepo mkali na vumbi za kiangazi. Ukizichanganya saa hizo na maelfu ya saa za amani, zinamezwa, na unabaki na asilimia inayopendeza kwenye ripoti ya robo mwaka tu.

Mtego huu ni wa zamani. Mwaka 1884 John Finley, mtu wa jeshi la Marekani, alitoa matokeo ya utabiri wake wa tonado. Kati ya tabiri 2,803, zilizokuwa sahihi ni 2,708, sawa na asilimia 96.6. Mwanajiolojia mmoja, G. K. Gilbert, alizichambua hesabu hizo mwaka huohuo. Tonado zilizotokea zilikuwa 51 tu. Kama Finley angekaa kimya na kusema kila mara "hakuna tonado", angekuwa sahihi kwa asilimia 98.2. Kumbe kazi yote ile, kwa kipimo kile, ilikuwa mbaya kuliko kulala. Lakini Finley alizikamata tonado 28 kati ya 51, na mtu aliyelala asingekamata hata moja. Kosa lilikuwa la kipimo.

Sasa tuilete hesabu hiyo nyumbani. Namba hizi nimezitunga ili zigawanyike vizuri, msizipeleke popote kama takwimu za Dodoma. Chukulia Januari moja yenye saa 720 zilizopimwa; saa 24 nyingine ripoti zilikosekana, na hilo hutokea. Tunahakiki radi kiwanjani. Saa ambazo tulitabiri radi na ikaja ni 18. Tulizotabiri isije, yaani tahadhari za bure, ni 42. Zilizotuponyoka, radi imekuja na sisi tumenyamaza, ni 12. Zilizobaki 648 tulinyamaza na mbingu nayo ikanyamaza.

Usahihi wa jumla ni 18 na 648 kwa 720, yaani asilimia 92.5. Makofi. Ila aliyenyamaza mwezi mzima angepata 690 kwa 720, asilimia 95.8. Kwa hiyo tupa namba hiyo, ushike nyingine. Radi ilitokea saa 30 na tukaikamata saa 18: kiwango cha kukamata ni asilimia 60. Tulitoa tahadhari saa 60 na 42 zikawa za bure: uwiano wa tahadhari za bure ni asilimia 70. Tulitaja radi mara 60 wakati mbingu ilileta 30, kwa hiyo tunaitaja mara mbili ya inavyostahili. Na ukiziweka kando zile saa 648 za kimya, ambazo hazimfundishi mtu kitu, unabaki na 18 kati ya 72, robo kamili. Robo hiyo ndiyo picha ya kweli ya kazi yetu.

Anayetaka namba moja ya kuwapa wakubwa atumie alama ya Heidke, ambayo hutoa kwanza kile ambacho bahati tu ingetupa. Katika mfano huu bahati ingetupa saa 635 sahihi. Sisi tumepata 666. Tumeizidi bahati kwa 31, kati ya 85 zilizokuwa zinawezekana: 0.36. Sifuri maana yake hujui zaidi ya anayerusha sarafu kwa uwiano wako. Moja ni ukamilifu.

Hizi mbili, kukamata na tahadhari za bure, huvutana kama watu wawili kwenye blanketi moja. Ukitaja radi kila alasiri utakamata zote, na mashirika ya ndege yatabeba mafuta ya kufika kiwanja mbadala kila siku. Sehemu ya mafuta hayo huungua kwa kazi ya kujibeba yenyewe, na mizigo au abiria wanaachwa. Ukibana sana, siku moja ndege itafika juu ya Dodoma haina mafuta ya kusubiri. Wapi pa kusimama kati ya hayo mawili hapaamuliwi na mtabiri peke yake. Wakae na wanaoitumia TAF, waelewane, waandike.

Je, "sahihi" ni nini kwa upepo, au kwa umbali wa kuona? Hapa tuna kipimo kilichozoeleka duniani, jedwali la usahihi unaotakiwa lililotokana na Kiambatisho cha 3 cha Mkataba wa Chicago. Kwa TAF, mwelekeo wa upepo usipotoke zaidi ya digrii 20, na kasi isipotoke zaidi ya noti 5 (noti ni maili ya baharini kwa saa). Umbali wa kuona unaruhusiwa kupotoka mita 200 ukiwa chini ya mita 800. Kati ya mita 800 na kilomita 10 unaruhusiwa asilimia 30. Mvua: imenyesha au haikunyesha. Yote hayo yafikie asilimia 80 ya mara zote. Mawingu na joto vimepewa nafuu, asilimia 70: kitako cha wingu kisipotoke zaidi ya futi 100 kikiwa chini ya futi 1,000, na asilimia 30 kikiwa kati ya futi 1,000 na 10,000, joto lisipotoke zaidi ya nyuzi 1. Utabiri wa saa mbili unaofungwa mkiani mwa METAR (ripoti ya kawaida ya hali iliyopimwa kiwanjani) unadaiwa zaidi, asilimia 90, na ndivyo inavyopaswa, maana mtabiri anaiona mbingu dirishani.

Jedwali hilo ni zuri, lakini msilisujudie. Njia yetu ya kurukia imelala 09/27, mashariki kwa magharibi, yaani digrii 90 na 270. Mtabiri aseme upepo wa digrii 120 kwa noti 25, upepo uje 140 kwa noti 25. Kwa jedwali amepatia, digrii 20 kamili. Sasa pigeni hesabu ya upepo wa ubavuni. Kwa 120 pembe na njia ni digrii 30, upepo wa ubavuni ni noti 12.5. Kwa 140 pembe ni digrii 50, noti 19. Rubani wa Cessna Caravan, ambayo ilionyeshwa kutua kwa upepo wa ubavuni wa noti 20, ametoka mahali pa raha hadi ukingoni, na kwenye karatasi ya uhakiki tumeweka alama ya vema. Ndiyo maana nashauri kila kituo kiwe na safu ya ziada: upepo wa ubavuni uliotabiriwa, uliopimwa, na tofauti yake. Upepo wetu wa kiangazi haubadiliki sana mwelekeo, kwa hiyo alama za mwelekeo zitakuwa nzuri bila jasho. Kasi na mapigo ya ghafla ndiyo yanayotuaibisha.

Joto nalo hapa lina uzito kuliko pwani. Kiwanja kiko futi zipatazo 3,670 juu ya usawa wa bahari. Kwa kimo hicho joto la kawaida la kimahesabu ni nyuzi 7.7. Alasiri ya nyuzi 32, ndege inajisikia kama iko futi 6,500 na ushei: injini inapumua hewa nyembamba, bawa linashika kidogo, njia inakuwa fupi. Kila nyuzi 1 ya kosa ni kama futi 120 za kimo hicho cha kujisikia. Mkikosea nyuzi 4, rubani amepanga uzito wake kwa kiwanja kilicho futi karibu 500 chini ya kile anachorukia.

Sasa tuingie jikoni. Uhakiki mwingi unaharibika kabla hesabu haijaanza, kwenye utunzaji wa ripoti.

Hifadhi TAF kama ilivyotumwa, herufi kwa herufi, pamoja na zilizorekebishwa na zilizosahihishwa. Usiiandike upya kwa mkono. Halafu kumbuka kwamba TAF haina mwezi. Kundi la 1506/1606 linasema tarehe 15 saa 06 hadi tarehe 16 saa 06. La mwezi gani, la mwaka gani, halisemi. Faili moja ikihama folda, Januari inahakikiwa kwa METAR za Februari, na hakuna kompyuta itakayopiga kelele. Andika mwaka na mwezi kwenye jina la faili siku hiyohiyo. Jambo dogo linalofanana na hilo: kipindi kinachoishia saa sita usiku ya UTC (saa ya kimataifa) huandikwa 1524, na kinachoanzia hapohapo huandikwa 1600. Programu isiyofundishwa hivyo itaikataa saa 24, au itairuka kimyakimya. Kimyakimya ndiyo mbaya.

Kisha kuna saa zetu tatu. TAF na METAR huandikwa kwa UTC. Ratiba za ndege ziko kwa saa za Afrika Mashariki, saa 3 mbele. Mdomoni tunahesabu Kiswahili. 1200 ya UTC ni 15:00 kwenye tiketi, nasi twaiita saa tisa alasiri. Njia ya mkato ni kutoa 3 kwenye UTC: 0600 ni saa tatu asubuhi, 1500 ni saa kumi na mbili jioni. Mpimaji akiandika pembeni mwa daftari "radi saa tisa", na mhakiki akaingiza 0900, ameihamisha radi saa 3 nyuma. Kama utabiri ulisema radi kati ya 1100 na 1500, kosa hilo moja limezaa mawili: radi iliyotuponyoka saa sita mchana na tahadhari ya bure alasiri. Kila daftari liandike Z, alama ya UTC, baada ya saa, bila kusamehe.

Tuchukue TAF moja, nayo ya kutungwa:

TAF HTDO 150500Z 1506/1606 09012KT 9999 SCT025 TEMPO 1511/1515 VRB20G35KT 3000 TSRA BKN018 FEW022CB

Maana yake: ni ya Dodoma (HTDO), imetolewa saa mbili asubuhi, inaanza saa tatu asubuhi kwa saa 24. Upepo wa mashariki noti 12, kuona kilomita 10 au zaidi (9999). Kati ya saa nane mchana na saa kumi na mbili jioni, mara kwa mara (TEMPO), mvua ya radi (TSRA), kuona mita 3,000, mapigo ya upepo hadi noti 35. SCT, BKN na FEW ni vikundi vya mawingu.

Unaihakikije? Gawa kwa saa moja moja. Kila saa iandikie mipaka miwili, hali bora na hali mbaya ambayo TAF inairuhusu. Kuanzia 0600 hadi 1100 mipaka ni ileile, 9999 kwa 9999. Ndani ya TEMPO inapanuka: bora 9999, mbaya 3000. Upande wa pili kusanya METAR na SPECI (ripoti maalumu za kati, hali inapobadilika) za saa hiyo, chukua nazo bora na mbaya. Linganisha mbaya kwa mbaya, bora kwa bora. SPECI ya 1127 ikisema 2500 TSRA, hali mbaya iliyotokea ni 2500. Asilimia 30 ya 3000 inatupa nafasi kati ya 2100 na 3900, basi tumepatia.

TEMPO ina sharti lake, na hapa ndipo watu wengi huteleza. Kila tukio liwe chini ya saa moja, na yote kwa pamoja yasifike nusu ya kipindi. Katika TAF yetu kipindi ni saa 4, kwa hiyo radi zote zisifike saa 2. Radi ikianza 1115 ikakatika 1430, ni saa 3 na dakika 15. Mtabiri ameikamata radi lakini ameikosea sura. Hiyo ilikuwa hali ya kudumu, ilistahili FM (hali mpya kuanzia saa fulani) au BECMG (mabadiliko ya hatua kwa hatua). Andika alama mbili tofauti, moja ya tukio na nyingine ya muda. Kwa upande mwingine, usimpige mtabiri kwa sababu saa ya 1300 ilipita kavu. TEMPO haikuahidi kila saa. Hali yake mbaya ihukumiwe mara moja kwa kipindi kizima.

Na pimeni urefu wa TEMPO zenyewe. TEMPO ya saa 9 ni wavu unaonasa kila samaki, na mvuvi wake hana cha kujisifia.

BECMG ni rahisi zaidi. Ndani ya kipindi cha mabadiliko, ambacho kwa kawaida kisizidi saa 2 na kamwe kisizidi 4, kubali hali ya zamani na mpya. Kikiisha, mpya tu.

Marekebisho yanahitaji sheria iliyoandikwa kabla ya msimu. Tunashauri mhakiki mara mbili: TAF ya kwanza kama ilivyotoka, ili mjue ujuzi wa saa nyingi mbele, na TAF iliyokuwa hai kila saa, kwa sababu ndiyo rubani aliyoishika. Katika njia zote mbili, TAF ihesabiwe kuanzia dakika iliyotumwa. Radi imeanza 1125, marekebisho yametoka 1140: huo ni ushahidi, utabiri ulikuwa umekwisha kupita. Kumbukeni pia kwamba TAF za saa 24 zikitolewa kila saa 6, saa moja ya mbingu inahakikiwa mara 4. Mwezi wenye saa 720 utaonekana una jozi 2,880, na mtu asiyejua atadhani ana ushahidi mwingi. Ni ushahidi uleule umevaa kanzu nne. Tenganisha saa 6 za kwanza, 6 zinazofuata, na kuendelea. Alama zisiposhuka kadiri unavyokwenda mbele, chunguza: huenda mtabiri anaandika tabia ya msimu tu, haangalii ramani.

Mwelekeo wa upepo una mdudu wake kwenye jedwali la kompyuta. Kati ya 350 na 010 kuna digrii 20, lakini kompyuta ikitoa tu itakwambia 340. Tofauti ikizidi 180, itoe kwenye 360. Na upepo wa VRB (unaoyumba mwelekeo) au 00000KT (shwari) usiuhakiki mwelekeo hata kidogo.

Ndugu zangu wapimaji, sasa ni zamu yenu, maana tunamhukumu mtabiri kwa macho yenu.

Ripoti ya kila saa, au hata ya kila nusu saa, haiioni radi ya dakika 20 iliyopita katikati. Kama SPECI haikutumwa na METAR iliyofuata haikubeba RETSRA (mvua ya radi iliyopita punde), radi hiyo haikutokea kwa mujibu wa kumbukumbu, na mtabiri aliyeipatia anaandikiwa tahadhari ya bure. Kwenye kiwanja kisichopima usiku, saa za usiku zisihakikiwe kabisa; kukosa ripoti si hali nzuri ya hewa.

Umbali wa kuona una ugonjwa ninaouita 9999 ya mazoea. Kuna njia rahisi ya kuupima. Chukua ripoti za mwaka mzima, hesabu kila thamani imeandikwa mara ngapi. Taratibu zinataka hatua za mita 50 chini ya 800, za mita 100 hadi kilomita 5, na za kilomita moja hadi 10. Ukiona kumbukumbu nzima ina 9999, 8000 na 5000 tu, hizo nyingine hazikupotea angani, zilipotea mezani. Dawa yake ni orodha ya alama za kuonea iliyo hai: vilima, minara, mapaa, kila moja na umbali wake uliopimwa na upande wake, na taa za usiku vilevile. Mji huu unajengwa kwa kasi. Jengo jipya likiziba alama ya zamani, orodha ibadilishwe wiki hiyohiyo.

Ujenzi huohuo unagusa upepo. Kipima-upepo kinakaa mita 10 juu ya ardhi, na kizuizi chochote kinatakiwa kiwe mbali angalau mara 10 ya urefu wake. Ghorofa la mita 15 liko salama likiwa mita 150 au zaidi. Likisogea, upepo wa kutoka upande wake utasomeka dhaifu, na utaona kwenye uhakiki kwamba mtabiri "anazidisha" upepo wa upande mmoja tu. Msimrekebishe mtabiri hapo, mkaangalie dirishani. Dalili nyingine ni 00000KT kuongezeka mwezi hadi mwezi wakati wa kiangazi: vumbi limeingia kwenye beringi.

Kuhusu vumbi lenyewe, msiitane majina. Chamchela ni PO. Vumbi linalopeperushwa na upepo juu ya kimo cha macho ni BLDU. Moshi wa mashamba yanayochomwa kabla ya mvua ni FU, nao mara nyingi huandikwa HZ (utusitusi wa ukavu) kwa uvivu. HZ na FU huandikwa kuona kukiwa mita 5,000 au chini. Mhakiki akikuta HZ pamoja na 8000, amekuta ripoti ya kurudisha.

Radi ya jirani, VCTS, ni ugomvi wa kila msimu. Inamaanisha radi iko kati ya kilomita 8 na 16 hivi kutoka kiwanjani. TAF haitumii VC, alama ya ujirani. Basi mtabiri aliyesema TSRA, radi ikapita pembeni, amepatia au amekosa? Ushauri wetu: amekosa kwa kiwanja, lakini iwekewe mstari wake, isichanganywe na siku ambayo mbingu ilikuwa kavu kabisa. Rubani anayekuja kutua anapita kwenye kilomita hizohizo.

Nimebakiza PROB30 na PROB40, yaani uwezekano wa asilimia 30 na wa 40. Hizi ni ahadi za namba, zihakikiwe kwa namba. Kusanya PROB40 zote za msimu. Tuseme ni 40, radi ikaja mara 9. Hiyo ni asilimia 22.5, siyo 40, tumetia chumvi. Alama ya Brier, iliyoanza mwaka 1950, inapima gharama yake: kila mara chukua tofauti kati ya ulichosema na kilichotokea, izidishe kwa yenyewe, tafuta wastani. Tukisema 0.4 kila mara tunapata 0.205. Mtu anayejua tu kwamba siku za namna hii huleta radi kwa 0.225 angepata 0.174, na ndogo ndiyo bora. Kwa lugha ya kawaida, PROB30 ingewatosha, na hata hiyo ingekuwa juu kidogo.

Kila alama ishindanishwe na mpinzani wa bure. Mpinzani wa kawaida ni METAR ya wakati wa kutoa TAF, ikiendelezwa mbele bila kubadilika. Kwa upepo wa Dodoma huyo ni dhaifu mno, kwa sababu alfajiri hutulia na mchana huamka. Tumieni "jana saa kama hii". Kiangazi mpinzani huyo anashinda mara nyingi, na hakuna aibu kusema hivyo. Aibu ni kumficha. Kwa sababu hiyohiyo msishindanishe kituo cha Dodoma na cha Zanzibar kwa asilimia tupu. Kila kimoja kishindane na mpinzani wa hapohapo.

Msitoe hukumu kwa mwezi mmoja. Radi zikiwa 5, moja tu inahamisha kiwango cha kukamata kwa asilimia 20. Zile saa 30 za mfano wetu huenda zilikuwa dhoruba 11 tu, na dhoruba moja ndefu imeburuta hesabu yote. Hesabuni dhoruba pia, na tolea uamuzi msimu mzima, Desemba hadi Aprili, kisha misimu miwili mitatu.

Kuhusu matumizi ya matokeo nitasema kidogo, ingawa hapa ndipo kazi nzuri hufa. Mfumo wa kusimamia ubora ni sharti la kimataifa kwa huduma hii tangu Novemba 2012, na wakaguzi watataka karatasi. Wapeni. Lakini karatasi ya mkaguzi na karatasi ya mtabiri si moja. Mtabiri anahitaji, ndani ya wiki, kuona TAF yake kando ya METAR, siku tatu mbaya kuliko zote, pamoja na picha za setilaiti za saa hizo. Asiyeiandika TAF ndiye aihakiki. Na matokeo yasigeuzwe fimbo. Mtabiri akijua kwamba radi moja ikimponyoka ataletewa barua ya kujieleza, ataandika PROB30 TSRA hata Agosti. Kiwango cha kukamata kitapanda, rubani ataacha kuisoma TAF, na kwenye jedwali lenu hakuna safu inayopima hilo. Waulizeni marubani. Dakika mbili za redio baada ya kutua zinatoa kitu ambacho hakuna kipimo cha chini kinachokiona: mapigo ya upepo wakati wa kunyookea njia ya kutua, na kitako cha wingu alikolivuka.

La mwisho ni Msalato. Kiwanja kipya kiko kaskazini mwa mji, na dhoruba zetu ni nyembamba. Inayolowesha kimoja inaweza kukiacha kingine kikavu. Kumbukumbu ya kiwanja cha mjini haihamii huko kwa kubadilisha kichwa cha habari. Vipimo viende sambamba kwenye viwanja vyote viwili angalau misimu miwili ya mvua, kila kimoja na faili yake, na mpinzani wa "jana saa kama hii" ahesabiwe upya kwa Msalato kuanzia sifuri. Mwaka wa kwanza alama zake zitayumba. Ziandikeni hivyohivyo zilivyo, na idadi ya dhoruba kando yake.

Asanteni. Nadhani muda wa maswali upo, wapimaji waanze.